Zainabu Alivyofundishwa Kunyamaza kwa Kiingereza

Kama unaishi Al Rayyan, hapa Qatar, na hujawahi kumsikia Zainabu, basi ama umehamia jana ama masikio yako yana matatizo. Mimi nilimsikia kabla ya kumwona. Naendesha gari la familia moja ya huku, na ukuta wa nyumba yao unapakana na ukuta wa nyumba aliyokuwa akipika Zainabu. Asubuhi nikiosha gari, sauti yake ilikuwa inavuka: anagombana na kitunguu, anampa paka habari za jana, anamweleza muuza mboga, kwa Kiarabu cha jikoni, kwamba nyanya zake zimekufa siku nyingi na hazijapata wa kuzizika.

Siku moja sauti hiyo ikanigeukia mimi.

"We uliye upande huo! Mbona unaimba kaswida za kwetu? Mswahili wewe?"

Nikazidi kusugua tairi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nikipiga simu nyumbani Kondoa, mke wangu huuliza mara kwa mara kama laini imekatika.

"Unaimba halafu unajificha? Haya, jina lako nani?"

"Zuberi."

"Zuberi, umeshakunywa chai?"

Kikombe kikapita juu ya ukuta kabla sijajibu. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza habari za Kilwa Masoko kila asubuhi, sura baada ya sura, bila kulazimika kusema chochote. Nilijua kwamba mume wake wa kwanza alifariki, na kwamba wa pili alimfukuza mwenyewe kwa sababu alikuwa akiulizwa swali hajibu. Nilijua alikuja Doha akiwa bado kijana, akawapikia watoto wa nyumba ile tangu walipokuwa wanafika kwenye droo za chini hadi walipokuwa warefu kuliko friji. Alijua Kiarabu cha kutosha kuagiza, kukataa, na kutukana kwa adabu. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuazima, na hakukihitaji. Vitunguu havijali.

Wenye nyumba yake ni watu wastaarabu. Hawakumfukuza. Walimwambia tu kwamba watoto wamekua, kwamba siku hizi wanakula vyakula vinavyoletwa na pikipiki, na kwamba baada ya Idi angepumzika. Wakampa na chupa ya manukato ya kupumzikia.

Kupumzika maana yake ilikuwa Kilwa, kwa kaka yake. Kaka naye alikuwa ameshampangia mapumziko: atapika kwenye arusi zote za ukoo, bila malipo, maana amewapikia wageni miaka yote hii na sasa ni zamu ya ndugu. Chumba chake, alichokijenga kwa jasho lake, kilikuwa kinakaliwa na mke wa pili wa kaka. "Atakupisha kona," kaka alimwambia kwenye simu, kwa ukarimu mkubwa.

Zainabu hakuitaka kona. Alikuwa amesikia kwamba shule moja ya kulipia, njia ya kwenda Al Wakrah, inatafuta wanawake wa kukaa na watoto ndani ya mabasi: kuwafunga mikanda, kuwahesabu, kuhakikisha kila mmoja anashuka kwenye mlango wa kwao na si wa jirani. Wahudumu hao wanaishi kwenye fleti za shule, kila mmoja na chumba chake na ufunguo wake. Zainabu hakuuliza mshahara. Aliuliza kuhusu ufunguo, kisha akauliza tena. Tangu afike nchi hii amelala kwenye chumba kinachofunguliwa na yeyote anayetaka chai.

Sharti lilikuwa moja tu. Kiingereza, tena cha kuongea.

Ndipo tulipokwenda kwa Mutai.

Mutai ni Mkenya wa Kericho, mlinzi wa geti kwenye shule hiyohiyo. Alimaliza kidato cha nne, na kama hujui hilo, ni kwa sababu hujakaa naye dakika tano. Kila Ijumaa alasiri, Waislamu wakishatoka msikitini na Wakristo wakishatoka kanisani, maana mapumziko ya huku ni Ijumaa kwa wote, alikuwa anafundisha Kiingereza bure kwenye sebule ya Phoebe na mumewe Eugene, Waganda wanaokodi vyumba viwili kwenye nyumba iliyogawanywa hadi mlango wa choo. Tulikuwa watu wanane au tisa. Wengi tulikuwa Watanzania. Mwanafunzi Mkenya alikuwa mmoja, Loice, mtu wa Kisii anayefagia kwenye saluni, aliyeacha shule mapema. Na kwa kuwa shule ndiyo iliyotuacha wengi wetu, tulielewana.

Siku ya kwanza Mutai alisimama mbele yetu na kifuniko cha ndoo ya rangi, kimetobolewa juu na kufungwa kamba ya kiatu. Juu yake alikuwa ameandika maneno ya Kiingereza.

"Hii inaitwa diski," akasema. "Kwetu kila shule iko nayo. Ukiongea lugha ya nyumbani, unavaa hapa shingoni. Ukishavaa, unangojea mwingine aongee, unampatia. Mwenye atabaki nayo mpaka mwisho, anaosha vyombo vyote. Hapa ndani hakuna Kiswahili. Hivyo ndivyo sisi tulijua Kiingereza."

"Hata watu wazima?" aliuliza Vuai. Vuai ni Mpemba, kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli kule The Pearl, na ana wajukuu.

"Hata watu wazima."

"Ala! Sie kwetu hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, viboko kwa Kiswahili. Kungekuwa na kitu hiki, mwalimu mkuu ndo angekivaa wa mwanzo."

"Ndiyo maana mko hapa," Mutai akamwambia.

Vuai hakuona vibaya. Amezoea mvuke. Akanyanyua kidole tena. "Na weye mwalimu, maelezo yote haya umetwambia kwa lugha gani?"

Mutai akafikiri kidogo. "Mwalimu havai," akasema. Hilo nalo likawa sheria.

Loice hakuhitaji kufundishwa. Yeye alikulia ndani ya diski. Alikuwa na uwezo wa kukaa saa mbili akiongea kwa nyusi tu, na ukimtazama vizuri unaweza hata kujua bei ya vitunguu. Sisi wengine tulikuwa wanafunzi wapya. Zainabu alivishwa kabla hajakaa, kwa kosa la kuuliza, "Jamani, viatu tuvue wapi?" Akampa Vuai, aliyecheka kwa Kiswahili. Vuai akamrudishia aliposema anaona joto. Kukawa na ubishi mrefu kama "wallahi" ni Kiswahili au Kiarabu. Mutai akaamua kwamba ni Kiarabu na inaruhusiwa, kwa hiyo kwa muda watu waliapa sana. Mwisho wa somo diski ilikuwa kwa Zainabu, na siku yake pekee ya kupumzika na sufuria za watu akaimalizia kwenye sufuria za Phoebe.

Mimi sikunaswa hata mara moja. Mutai alinitaja mbele ya wote kuwa mfano wa kuigwa. Katika maisha yangu ya shule sijawahi kuwa mfano wa kitu chochote, na nakiri nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo. Kiingereza nilichorudi nacho kilikuwa kilekile nilichokwenda nacho.

Darasa likakua katika elimu. Kila Ijumaa tulizidi kuwa kimya, hadi sebule ya Phoebe ikawa kama msikiti saa nne ya asubuhi. Mutai alikuwa anaandika sentensi ubaoni, tunaisoma kwa pamoja, kisha anauliza nani atatunga ya kwake. Hapo ndipo macho yote yalikuwa yanakwenda kwenye zulia. Ukitunga, utakwama katikati. Ukikwama, utasema "nanii". Ukisema "nanii", utaosha vyombo. Zulia lilikuwa salama zaidi.

Zainabu alipigana kwa muda, akavaa, akaosha, akavaa tena. Halafu Ijumaa moja alikuja, akakaa, akafunga mdomo, na hakuufungua hadi alipoaga kwa mkono.

"Mnamuona Mama Zainabu?" Mutai akasema kwa furaha. Sifa alikuwa anazitoa kwa Kiswahili ili ziingie. "Leo hajashikwa hata mara moja! Mwenye alikuwa wa mwisho, sasa ni wa kwanza. Mama, ukiendelea hivi, nitapeleka jina lako kwa Miss Bella. Yeye ndiye mkubwa wa mabasi. Mtu akipelekwa na mimi, anaitwa."

Zainabu akatikisa kichwa kwa shukrani. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lugha aliyotumia.

Tatizo ni kwamba ugonjwa ule ulimfuata nyumbani. Asubuhi nikiosha gari, ukuta ulikuwa umekufa. Vitunguu vilikatwa bila mashauri. Paka alikaa mlangoni akisubiri habari, akaondoka. Muuza mboga alinivuta kando akaniuliza kwa huzuni kama yule mama amefariki, na kama ninajua nani atachukua nafasi yake.

Kikombe cha chai kilipopita juu ya ukuta siku hiyo, kilifuatwa na sauti, lakini ndogo.

"Zuberi. Niongeleshe kwa Kiingereza."

Nikamwuliza hali yake, kwa Kiingereza. Hilo naliweza.

Kimya. Nikasikia anavuta pumzi. Kimya tena.

"Umeona?" akasema. "Neno lipo. Naliona kabisa limekaa pale. Lakini mdomo unageuka kwanza kuangalia nani anasikiliza. Nilipoanza nilikuwa sijui Kiingereza. Sasa hata kuongea sijui. Miss Bella ataniita, nitakaa mbele yake kama sufuria."

Nikamrudishia kikombe juu ya ukuta.

"Hebu niambie," akasema akikipokea. "Pale darasani, nani huwa anaongea?"

"Mutai."

"Ukimtoa Mutai?"

Nikafikiri. "Aliyevaa diski."

"Kwa nini yeye anaongea?"

"Kwa sababu ameshavishwa. Hawezi kuvishwa mara mbili."

Upande wa pili wa ukuta nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki kadhaa. Zainabu alikuwa anacheka, na paka alikuwa anaitwa aje asikie.

Ijumaa iliyofuata aliingia wa mwisho, mlango wazi, watu wote tumekaa, midomo imefungwa.

"Asalaamu alaykum! Jamani, hamjambo? Mbona mmenuna kama mnasubiri maiti? Vuai, shati zuri hilo, la mgeni gani wa hoteli?"

Hakusubiri kuvishwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari wa ukutani inapotundikwa diski, akaitoa, akaivaa juu ya mtandio, akaiweka sawa kama mwanamke anayekwenda arusini na mkufu wake. Kisha akakaa mbele kabisa na kuanza kuongea.

Aliongea Kiingereza. Nasema Kiingereza kwa heshima. Kilikuwa kimepinda kila upande. Alikuwa anashika neno, analifuata hadi linapomwishia, anaruka kwenye Kiswahili, anashika lingine, anarudi. Alimweleza Mutai kwa Kiingereza jinsi ya kupika wali wa nazi, na pale alipokosa neno la kukuna nazi alikuna hewani. Vuai akacheka akasema, "Bi Zainabu, unakuna au unaendesha baiskeli?" na hapo, kwa mujibu wa sheria, alikuwa ameshanaswa.

"Mama Zainabu," Mutai akasema, "Vuai ameongea Kiswahili. Mpatie diski."

"Nimemsamehe."

"Si mambo ya kusamehe. Diski lazima itembee."

"Imetembea sana, mwanangu. Imechoka. Iache ikae."

Watu walicheka kwa sauti, kwa lugha zote. Mutai alisimama na chaki yake. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameweka sheria kwa kila kosa isipokuwa hilo la mtu kuipenda adhabu.

Wiki moja baadaye alikuja na habari. Miss Bella angewaona wanaotafuta kazi ya mabasi siku ya Jumanne, na anataka jina kutoka kwake. Zainabu alikuwa ameshavaa diski tangu mlangoni.

"Nilikuwa nimeandika lako, Mama," Mutai akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Lakini aki siwezi peleka mtu mwenye amevaa diski kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nitamwambia nini? Ati huyu ndiye wangu wa kwanza? Ivue leo, mpatie mwingine, ukae vile ulikuwa unakaa, na jina linaenda. Ukikataa, napeleka Loice."

Loice alitazama zulia. Vuai akainuka nusu, akanyoosha shingo kuelekea kwa Zainabu.

"Nipe mie," akasema. "Bi Zainabu, nivishe mie, nitaosha. Usitupe riziki yako kwa kifuniko cha rangi."

Zainabu alishika kamba ya kiatu. Akaivuta hadi kidevuni. Nilidhani anaivua. Kila mtu alidhani hivyo; hata Phoebe alikuwa ametoka jikoni na mwiko.

"Nikiivua, utanipeleka kwa Miss Bella?"

"Nitakupeleka."

"Nikifika huko atanisemesha?"

"Lazima."

"Na mimi nitamjibu kwa mdomo upi, mwanangu? Huu ulionifundisha kufunga?"

Zainabu akaiachia kamba, diski ikarudi kifuani. Jioni aliosha vyombo, na jina la Loice likapelekwa.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu jikoni kwa Phoebe. Phoebe ni mtu wa Masaka, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "lete" na "toka". Kiingereza anakiongea kama maji. Mutai hakuwahi kuliwaza hilo. Adhabu yake kubwa kuliko zote ilikuwa kumfungia mwanafunzi mbaya kwenye chumba kimoja na mtu ambaye huwezi kumsemesha isipokuwa kwa Kiingereza. Sisi wanafunzi bora tulikuwa sebuleni, tukilinda ukimya wetu. Kutoka jikoni zilikuwa zinakuja kelele za sufuria na wanawake wawili wanaobishana kuhusu ndizi: ndizi za Masaka na ndizi za Kilwa, zipi zinapikwa na zipi wanalishwa mbuzi. Ubishi huo ulichukua Ijumaa nyingi. Kwa kadiri nilivyoweza kufuata, haukuisha.

Jumanne ilipofika, bosi wangu alikuwa safarini na gari lilitakiwa kupelekwa gereji. Nililipeleka gereji kwa kupitia shuleni. Zainabu, aliyekuwa ameamua kujipeleka mwenyewe, alikaa nyuma, baibui lake limepigwa pasi na Vuai kwa mvuke wa hoteli, na njia nzima aliniongelesha Kiingereza. Nilikuwa na wasiwasi kwamba amekuja na diski kwenye mkoba, maana kwake lolote linawezekana. Hapana. Alikuwa amemwachia Vuai, ambaye alikuwa ameiomba tangu Ijumaa, akisema na yeye ana mambo ya kuzungumza.

Getini alikuwa Mutai, amevaa sare, redio begani. Nyuma yangu kulikuwa na magari ya wazazi. Zainabu alishuka. Mutai alimwangalia kama vile hajawahi kumwona, na akamwuliza kwa Kiingereza safi cha kazini kama ana miadi.

Yaliyofuata yalikuwa kwa Kiingereza. Nayaandika kwa Kiswahili kilichopinda kwa kadiri ileile.

"Mimi kuja kwa Miss Bella," Zainabu akasema. "Mimi kazi basi."

"Samahani madamu. Jina lako halipo."

"Jina langu lipo! Zainabu! Mama yangu kunipa! Wewe unajua jina langu. Kila Ijumaa wewe kula maandazi yangu, jina lipo. Leo geti, jina hakuna?"

Gari la nyuma likapiga honi. La nyuma yake likaunga mkono. Mutai akasogea karibu, akainama, na hapo ndipo nilipoiona elimu yetu yote ikianguka chini kama sahani.

"Mama Zainabu," akanong'ona kwa Kiswahili, "tafadhali, tuongee polepole. Utanifutisha kazi."

"Hapana Kiswahili!" Zainabu alipaza sauti, bado kwa Kiingereza. "Hapa shule! Watoto wanasikia! Wewe mwalimu, wewe kusema Kiingereza!"

Nikateremka kwenye kiti hadi usukani ukawa juu ya kichwa changu.

Mwanamke mdogo wa Kifilipino akatoka ofisini, naye ana redio, na mwendo wa mtu ambaye ameshatenganisha ugomvi mwingi. Huyo ndiye Miss Bella.

"Nani anapiga kelele kwenye geti langu?"

"Mimi," Zainabu akasema.

"Unataka nini?"

"Kazi. Basi. Watoto."

Mutai alianza kueleza. Miss Bella akamnyanyulia kidole bila kumtazama. Alimwangalia Zainabu kuanzia mtandio hadi viatu, kisha akageuka kutazama mabasi yaliyoegeshwa hapohapo ndani ya geti, tupu, madirisha wazi.

"Njoo," akasema.

Waliingia kwenye basi la kwanza. Mutai aliniruhusu nisogeze gari ndani, si kwa wema, bali kupunguza honi, kwa hiyo niliona na kusikia yote. Miss Bella alikwenda hadi kiti cha nyuma, akapanda juu yake na viatu, akasimama wima.

"Mimi nina miaka sita," akasema. "Basi linakwenda. Nimesimama. Fanya kazi yako."

Zainabu hakuvuta hata pumzi.

"Wewe! Shuka! Keti! Kwa nini simama? Wewe mnazi? Basi linakwenda, wewe kuanguka, meno yako yote chini, mama yako kuja kwangu kuuliza meno, mimi kusema nini? Keti. Haya. Mkanda. Huo mkanda wako, si wa rafiki. Vizuri. Nani jina lako?"

"Bella."

"Bella, asubuhi wewe kula nini? Hakuna? Kahawa tu? Kahawa si chakula! Mikono yako midogo kama mtoto wa paka. Kesho kula yai. Mimi nitauliza!"

Aliendelea hivyo kwa muda. Alimsimulia mtoto huyo habari za paka wa Al Rayyan, akamwonya kuhusu kutoa mkono dirishani, akamwuliza kama ameshakwenda chooni. Nilinyanyua kichwa nikaangalia. Mkubwa wa mabasi yote alikuwa amekaa, mkanda umefungwa, na mikono ameiweka kwenye mapaja.

Loice alikuwa ameshahojiwa mapema asubuhi hiyo. Alitusimulia baadaye, tena kwa Kiswahili. Majibu yake yote yalikuwa sahihi, lakini aliyatoa kwa sauti ndogo hivi kwamba Miss Bella alilazimika kuinama mezani hadi nywele zikaingia kwenye chai.

Waliwachukua wote wawili. Loice alipewa basi la saa sita, la watoto wadogo kabisa, ambao hulala tangu wanapokaa hadi wanapobebwa. Wanasema tangu aanze hakuna hata mmoja aliyewahi kuamshwa. Zainabu alipewa basi la wakubwa, ambalo wahudumu wawili walikuwa wameshalikimbia kabla yake. Idi ilipokwisha alihamia kwenye fleti ya shule. Nilimbebea mabegi, na alinitoa nje ya chumba chake na kunirudisha ndani mara kadhaa ili tu afungue mlango.

Kaka yake alipiga simu kutoka Kilwa kuuliza anafika lini, kuna arusi. Alimjibu kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Kaka alisema laini ni mbaya.

Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Zainabu kazini, Mutai alikuwa na furaha ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. "Wawili walienda, wawili wakaandikwa!" akatangaza. "Hii mbinu inafanya kazi. Mtu aseme nini sasa?" Hakuna aliyesema kitu. Vuai pekee angeweza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amevaa diski, lakini alikuwa katikati ya kumweleza jirani yake, kwa Kiingereza, habari ndefu kuhusu goti lake. Kwa kweli siku hizi hivyo ndivyo darasa lilivyo. Watu wanakuja mapema kuigombania diski. Mutai anaita ushindani huo ari ya kujifunza, na amesema atatengeneza ya pili.

Tulikuwa katikati ya somo Zainabu alipoingia, sare ya shule mwilini, viatu mkononi. Mutai akamsimamisha mbele.

"Huyu ndiye matunda yetu," akasema. "Mama, waambie wenzako. Ulifanya nini ukafaulu? Ongea tu, hata Kiswahili. Leo nakuruhusu."

Wote tulitega masikio kwa hamu. Hata mimi nilisogea mbele kidogo.

Zainabu alitutazama mmoja mmoja. Sauti ilipotoka ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeshinda anauza samaki mnadani.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeongea tangu Jumapili. Nimewaambia keti, nimewaambia mkanda, nimejibu kwa nini jua ni moto, nimejibu kwa nini ngamia. Leo nimekuja hapa kunyamaza."

Akachukua mto wa Eugene, akaenda kwenye kona ya zulia, akajilaza na kujifunika mtandio usoni. Baada ya muda mfupi alianza kukoroma. Mutai alisimama pale na chaki yake akimsikiliza kwa makini, na mpaka somo linakwisha hakuwa ameamua kama kule kukoroma ni kwa Kiswahili.